Jino Lisiloogeshwa

Mjukuu wangu Zuhura ananicheka. Kila akiwasha mashine yake ya kukereza, hapa barazani kwangu Makote, lazima nimchungulie nimwambie, "Zuhura, hilo jino usilitie maji." Yeye ananijibu bila kugeuka: "Bibi, hili jino limekukosea nini? Mwaka wa pili huu unalinyima maji." Haya, mimi nakaa kwenye kigoda changu naendelea kumpigia soga, maana mashine yenyewe ni ya umeme, inanguruma kidogo tu kama paka aliyeshiba, haiwezi kushindana na mdomo wangu. Patasi zake siyo hizi za kupiga nyundo. Zina mpini mrefu, na mbele kabisa kuna jino lenyewe, kipande cha kabaidi, madini magumu kuliko chuma, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kimeshikwa kwa skurubu moja. Kikichoka upande mmoja analegeza skurubu, anakizungusha, anaendelea na safari. Anatoa vitu vidogo vya pambo, vizuri mpaka unatamani kuvila: vyungu ambamo haliingii hata ua moja, vikombe vya mayai, hereni, vifungo vya nguo vya mpingo vinavyong'aa kama macho ya mtoto. Mimi napenda. Napenda harufu, napenda maranda yanavyoruka, napenda hata vumbi lake likinipigisha chafya. Zuhura anasema bibi yake anapenda kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Ila mwezi uliopita nilikwenda Lisekese kumzika mjomba Maulidi, na tangu nirudi kucheka kwenyewe kunanikaa vibaya. Mke wake, Mama Rukia, sasa mzee wa kutembelea fimbo, aliniita chumbani matanga yalipokwisha, akanipa kopo la majani ya chai, limeota kutu. "Hili lako," ananiambia. "Mimi sina la kulifanyia." Nikafungua. Ndani mna chuma kifupi chenye jino la kabaidi lililovunjika nusu, na uzi wa katani wenye mafundo mawili. Nikavishika kimoja kimoja. Nikamuuliza, "Alivitunza miaka yote hii?" Akasema, "Hakuvitunza. Alishindwa kuvitupa."

Mambo ya ukoo, nani kamzaa nani, hayo nayaruka, tutakesha. Nataka mwaka mmoja tu, ule niliokaa Lisekese kwa mjomba. Nilikuwa msichana niliyetoka kuvunja ungo, shule nimeishia darasa la tatu, na ulikuwa wakati ule wa kutafuta sukari na sabuni kama unatafuta mtoto aliyepotea. Nilipelekwa kumsaidia Mama Rukia kazi za nyumbani, ana mtoto mchanga. Siku ya pili tu mjomba akanitazama miguu, akasema, "Somoe, hii miguu ya kupandisha maji Makote haiwezi kukaa jikoni." Akanipandisha kwenye baiskeli.

Baiskeli yenyewe haikuwa na gurudumu la mbele. Ilikuwa imefungwa kwa magogo ndani ya kibanda chake cha kazi, na gurudumu la nyuma limevishwa mkanda wa mpira unaokwenda kuzungusha mashine ya kukereza. Umeme hakuna, umeme ndiyo mimi. Mimi napiga pedeli, kipande cha mpingo kinazunguka, mjomba anakisogelea na patasi. Kibanda chenyewe cha matete, mwanga unaingia vipande vipande, na maranda yamejaa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Jioni nikipenga kamasi zinatoka nyeusi kama wino. Njia ya kwenda sokoni inapita pembeni, basi wapita njia walinipata. "Somoe, safari ya wapi leo?" Mwingine: "Ukifika Newala tusalimie!" Mwingine, huyu mama mmoja muuza mihogo, kila asubuhi: "Punguza mwendo mwanangu, utagonga watu!" Nami najibu, "Ondoka njiani basi, breki sina!" Miezi yote ile nilipiga pedeli sikufika hata Chiwata. Nilicheka sana kwenye kile kibanda. Ndiyo maana kinaniuma. Kingekuwa kibanda cha mateso ningekwisha kukisahau.

Tulikuwa tunatengeneza vinara vya mishumaa vya kanisani na tasbihi za msikitini, mpingo uleule, asubuhi kinara mchana tasbihi. Sasa mpingo ni mti wa shari. Patasi ya chuma cha kawaida inakata kidogo tu imelala, unainoa, inalala tena. Mjomba alikuwa na dawa yake. Zamani alifanya kibarua kwenye karakana ya matrekta, fundi mmoja akampa kipande cha kabaidi kilichochomelewa kwa shaba kwenye ncha ya chuma. Yeye alikiita Jino. Siyo jino la nani, Jino tu, kama jina la mtu. Jino lilikula mpingo kama mtu anavyokula papai. Lilikuwa moja. Wilaya nzima hakuna la pili, na ufundi wote wa mjomba ulikaa pale kwenye ncha. Lilinolewa kwa jiwe lake la kijani la kuzungusha kwa mkono, likipata moto linawekwa juu ya tofali lipoe lenyewe. "Halitaki maji hili," aliniambia. "Hata tone." Lakini mjomba alikuwa na miiko mingi, jamani. Kibandani hupigi mluzi. Hukalii gogo ambalo halijapasuliwa. Hufagii maranda kuelekea mlangoni. Nikaweka na hili la maji humohumo, kwenye fungu la miiko.

Mabibo yalipoanza kuanguka nikarudi Makote siku chache kumwona bibi yangu, mama yake mjomba Maulidi. Bibi yangu alikuwa wa wale wa zamani, mwenye ndonya. Nyie wa sasa mnaiona kwenye picha: kile kipande cha mpingo cha mviringo, kipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, kina mfereji umekizunguka pembeni ili kikae kwenye tundu la mdomo wa juu kisitoke. Nilimkuta hana. Aliinama kupuliza moto, ikachomoka ikaangukia kwenye makaa, akaichokoa imepasuka vipande viwili. Mdomo uliozoea ndonya maisha yote ukikosa ndonya unaanguka, unaning'inia, maneno yanatoka na mate. Basi bibi akajifunika kanga mdomoni akawa hazungumzi na mtu. Akija jirani, anageukia ukutani. Chakula anakula peke yake, mlango umefungwa.

Kwangu mimi alifunua. Mimi mjukuu, tuna utani, hatuoneani haya. "Njoo uone, mke mwenzangu," akasema, "babu yako angefufuka leo angekuchukua wewe aniache." Tulikuwa tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini, aliyoichemsha, nikacheka, naye akacheka mate yakamtoka, akayafuta haraka. Halafu akasema, "Maulidi si anakereza? Mwambie anitengenezee." Nikamwambia, bibi, si uje mwenyewe Lisekese apime. Akanitazama kama nimemtukana. "Nimfunulie mwanangu wa kiume mdomo huu? Nilimnyonyesha nikiwa na ndonya, hajawahi kuniona bila ndonya, na hataniona." Nikachukua uzi wa katani, nikazungusha kwenye lile tundu, nikafunga fundo mwanzo na fundo mwisho. Ngozi ilikuwa laini kama ya sikio la mtoto. "Unanipima kama maiti we mtoto," akaniambia, "upesi basi, nisije nikafa kweli." Nilipokuwa naaga akanishika mkono. "Mwambie sijisikii vizuri. Watu watakuja kuniaga. Sasa nitaagana nao kwa mdomo gani?"

Mjomba nilimpa uzi na ombi la bibi mbele ya mkewe, kosa langu la kwanza. Akautia mfukoni. Mchana wa siku hiyo nimelala na mtoto kwenye mkeka, ukuta wa udongo una tundu, nikawasikia. Mama Rukia anasema, "Watu wameshatoka kwenye mambo hayo, Baba Rukia. Wewe unauzia misikiti tasbihi, leo wakuone unakereza ndonya? Watasema fundi Maulidi anarudisha mambo ya porini." Mjomba anajibu polepole, "Ni mama." "Ni mama, ndiyo. Mpelekee kanga. Mpelekee sukari tukiipata. Hilo jingine liache life lenyewe." Halafu namsikia mjomba anasema, "Wee, wenye ndonya wenyewe ndio hao wanakufa, kuna nini tena cha kuacha kife?" Nilifurahi nikidhani kashinda.

Hakukataa mjomba. Angekataa ingekuwa afadhali, ningetafuta fundi mwingine. Alichagua kipande cha mpingo cheusi tii kisicho na ufa, akakikata, akakiweka dirishani. Kikakaa. Kwanza kuna vinara vya Masasi. Halafu kuna msiba Chiwata. Halafu Jino limelala, likishalala haliwezi kukata mfereji ule mwembamba. Kila jioni tunakula ugali wa muhogo na mbaazi, namtazama, namwambia, "Mjomba, bibi je?" Ananijibu, "Nikinoa Jino." Mama Rukia anatia mchuzi kwenye bakuli. Siku moja akafunga mzigo wa vinara akaenda kuupeleka, siku tatu hayupo, na mimi nikakaa kibandani namtazama Jino. Nikasema moyoni, we Somoe, akirudi akalikuta kali, atasingizia nini?

Basi nikalinoa. Mkono mmoja unazungusha jiwe, mwingine unabana chuma. Nimemwona akifanya mara mia. Ila mimi nilibana kwa nguvu, nilibana kwa hasira ya wiki zote zile, mpaka chuma hakishikiki kwa moto. Na nyumbani Makote, jirani yetu alikuwa mhunzi, tumekua tunamtazama: jembe likitoka motoni linaingia majini, chwaaa, ndiyo linakuwa gumu. Na sisi watu wa juu huku, ambao maji tulikuwa tunayafuata bondeni alfajiri tukarudi nayo jua limesimama, kumpa mtu maji ni kumpa heshima. Nikafikiri hivi: mjomba hataki Jino liguse maji kwa sababu ya ubahili wake na miiko yake, lakini mimi nitaliongezea ugumu, nitalipa maji, na litanishukuru. Nikachota kata nzima kwenye mtungi. Nikalichovya.

Halikusema chwaa. Lilisema "ti." Kidogo hivyo, kama unapoua chawa kwa kucha. Nikalitoa nikalitazama kwenye mwanga, sikuona kitu. Nikalifuta kwa kanga, nikalirudisha mahali pake, nikamwaga maji nje. Lakini ile "ti" ilibaki masikioni.

Mjomba alirudi na habari mbaya, amekutana na mtu wa Makote njiani: bibi hali, hanywi, watu wameanza kwenda kumtazama. Hakukaa hata kunywa uji. "Somoe, panda baiskeli. Leo tunamaliza." Akalishika Jino, akapitisha kucha kwenye ukali wake, akashangaa. "Nani kanoa?"

"Mimi, mjomba."

"Umenoa kunishinda mimi mwenyewe." Akanitazama, akafurahi kweli, meno yote nje, na mimi nataka ardhi inimeze. Halafu akauliza, sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa, "Hukuligusisha maji?"

"Hapana, mjomba."

Nikapiga pedeli. Akafanya uso wa ndonya kwanza, ukatoka laini, duara zuri, akalipima na uzi wa bibi, mafundo yakakutana. Nakumbuka alisema, "Mama atatafuna miwa na hii." Akaanza mfereji. Mama Rukia alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hataki kuingia, hataki kuondoka. Jino likaingia kwenye mpingo, uzi mwembamba mweusi ukawa unatoka, unatoka, halafu kikalia kitu kama bunduki. Nusu ya Jino iliruka ikampiga juu ya jicho. Iliyobaki ikachimba ndonya ikaipasua kati. Mimi nilikuwa bado napiga pedeli. Sikujua kuacha. Vipande vinazunguka, damu inamchirizika mjomba mpaka kidevuni, na mimi napiga pedeli tu mpaka mkanda ukavuka.

Mama Rukia ndiye aliyesema kwanza. Alisema polepole, siyo kwa ubaya. "Baba Rukia, na hapo bado huoni? Mungu hataki."

Mjomba alitazama chuma mkononi. Miaka yote Jino halijawahi kuvunjika. Likate vinara vya kanisa, likate tasbihi, lije livunjike kwenye ndonya ya mama yake, kwenye mfereji wa mwisho. Nilimwona anafikiri, niliona fikra inavyomwingia usoni. Mimi nilikuwa na neno moja mdomoni. Neno moja! Mimi ambaye watu walinipachika jina la redio. Ningelisema angenipiga kofi, angelia, halafu angechukua patasi zake za kawaida akakesha nazo siku mbili akamaliza, maana mkono alikuwa nao, ufundi alikuwa nao. Kilichomfunga mkono siyo kukosa Jino, ni kuogopa kushindana na Mungu. Nikanyamaza. Akasema, "Basi," akatoka kwenda kuosha uso.

Tulifika Makote kesho yake. Bibi amelalia ubavu, uso ukutani, kanga mpaka puani. Wanawake waliingia mmoja mmoja kutaka radhi, naye akiwabana vidole bila kugeuka. Mjomba akapiga magoti. "Shikamoo mama. Ni mimi, Maulidi." Bibi akaikaza kanga mdomoni kwa mikono miwili. Kwa hiyo hata mkono hakupata, mnaona? Mikono yote ilikuwa inashika kanga, asimwone. "Mama, nisamehe. Nilijaribu." Hakuna. "Mama, nipe neno moja niondoke nalo." Mgongo tu ule, mwembamba, unapanda na kushuka. Mimi nilijua ile ilikuwa haya ya mdomo wake, haikuwa hasira. Nilijua kwa sababu mimi aliniambia. Mjomba hakujua. Alikaa pale hadi jua likageuka, na bibi akafa adhuhuri hajageuka.

Baada ya hapo mjomba alifungua mashine ikawa vipande. Hakuwahi kukereza tena, hata pini ya nywele. Akairudishia baiskeli gurudumu la mbele, akawa anabebea magunia ya korosho. Siku ya kwanza ninaiona inakwenda, inapita kwenye njia ile ya sokoni, yule muuza mihogo akanipigia kelele, "Somoe, mwenzako kafika!" Nilijaribu kucheka. Mwaka ulipokwisha nikarudi Makote, nikaolewa, nikazaa, nikapata wajukuu, na kila Idi nikimwona mjomba nampa shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, na ana kovu juu ya jicho. Ukizeeni kila akiugua alikuwa anauliza watu kitu kimoja: mama akifa bila kusema neno, hiyo ni radhi au ni laana? Masheikhe walimjibu vizuri, mapadri wa jirani walimjibu vizuri. Hakumwamini hata mmoja.

Ndiyo kopo lile. Nilirudi nalo hapa, nikakaa nalo siku tatu bila kuongea, mpaka Zuhura akadhani naumwa. Nikampa uzi. "Nikereze kitu cha duara, mpingo, kizunguke kama hivi, pembeni kina mfereji." Hakuuliza sana. Niliteleka chai. Chai haijachemka, kashaikereza, kashaipiga msasa, kaing'arisha kwa maranda yake yenyewe. Hivyo tu. Kitu kilichotushinda wiki zote zile. "Kizuri, Bibi. Ni cha nini? Nitengeneze vingine niuze?" Nikamwambia hapana, hiki kina mwenyewe.

Juzi nikapanda basi na hiyo ndonya nimeifunga kwenye pindo la kanga, mpaka Lisekese. Mama Rukia nilimkuta anapepeta choroko, nikakaa naye, nikamwambia kabla sijapoteza moyo: lile Jino nililichovya mimi kwenye maji. Ungo ukasimama. "Maji gani?" Ya mtungini, Mama Rukia. Likapata ufa, nikamdanganya. Akatazama choroko kana kwamba anatafuta kijiwe. Halafu akasema, "Na mimi ndiye niliyemwambia ni Mungu. Wala Mungu mwenyewe sikumuuliza. Sikutaka tu watu wanicheke." Hatukukumbatiana, hatukulia. Alichukua fimbo yake, tukatoka.

Kaburi la mjomba lipo chini ya mikorosho yake mwenyewe, udongo bado mwekundu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu ndani ya basi, mnanijua. Ya bibi na kanga yake, ya kwamba ilikuwa haya, siyo hasira, ya ndonya niliyoileta. Nikafungua pindo, nikaishika. Nikasimama. Hakuna kilichotoka. Mama Rukia akaegemea fimbo. "Sema basi, Somoe. Jua kali, na huyu alishasubiri sana."

Nikasema, "Mjomba, yalikuwa maji."